Majahazi ya Sur na Majina ya Mtandaoni: Nani Mwenye Hati?



Leo naomba mnivumilie nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la vijana wa kompyuta, kumbe ni siasa tupu. Nalo ni majina tunayoyasajili kwenye intaneti, yale yanayomalizikia kwa .com, .org, .tz au .om. Wataalamu wa Kiswahili wameyapa jina la "vikoa". Mimi neno hilo linanichekesha kidogo, maana kwetu kikoa ni kile chakula cha kuchangiana, leo kwako kesho kwangu, kila mmoja na fungu lake. Laiti majina haya tungelikuwa tunayala kikoa kweli! Lakini tabu yote imeanzia hapo hapo.

Nianze na kisa chetu wenyewe. Mwaka 2003 sisi jamaa 14 wa hapa Sur, wote wenye asili au udugu na Unguja na Pemba, tulichanga riali mbili mbili. Riali 28, kama dola 70 na kitu kwa wakati ule. Tulitaka tovuti yetu ndogo ya kuweka picha za majahazi, mazungumzo ya wazee waliokuwa wakisafiri na upepo wa kaskazi mpaka Unguja, na khabari za misiba na harusi. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na kadi ya kulipia mtandaoni. Tukampelekea fedha kijana wetu aliyekuwa akisoma Uingereza, naye akasajili jina kwa kadi yake, kwa jina lake, na kwa barua pepe ya chuo chake. Tukafurahi, tukampigia simu kumshukuru. Hakuna aliyeuliza hati imeandikwa jina la nani.

Mwaka 2008 kijana yule alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka uliofuata jina likamaliza muda. Barua za kukumbusha zilikuwa zikienda kwenye sanduku la barua pepe ambalo chuo kilishalifunga siku nyingi. Sisi tulikuja kujua asubuhi moja tulipofungua ukurasa kutafuta tanzia ya mzee wetu, tukakuta matangazo ya kamari. Tulipomwandikia wakala aliyetusajilia, alituuliza suala moja tu: nyinyi ni nani? Hatukuwa na jibu. Kikundi chetu hakikusajiliwa popote, na mwenye jina kwenye daftari yuko kaburini. Mtu aliyelichukua alitaka dola 1,800 ili alirejeshe. Hatukuzitoa. Sauti za wazee wawili waliokwishatangulia mbele ya haki tulikuwa nazo kwenye tovuti ile tu, kwa uzembe wetu, na leo hatunazo tena.

Sisimulii haya ili mtuonee huruma. Nasimulia kwa sababu nimekuja kuona kwamba mambo haya haya, kwa kipimo kikubwa zaidi, ndiyo yanayoikuta nchi yetu.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Tunapenda kusema "nimenunua jina". Si kweli. Jina halinunuliwi, linakodiwa kwa mwaka au miaka. Kuna daftari kuu la kila mkia: la .com liko Marekani chini ya kampuni ya VeriSign, la .om liko hapa Oman chini ya mamlaka ya mawasiliano, na la .tz liko Tanzania. Chini ya daftari kuna mawakala wanaouza, na chini ya mawakala ndiyo sisi wapangaji. Ukichelewa kulipa jina la .com, kwa kawaida unapewa muda wa kujitetea: siku kadhaa zisizozidi 45, kisha siku 30 za kulikomboa kwa faini, kisha siku 5, halafu linarudi sokoni. Huko sokoni kuna watu ambao kazi yao usiku na mchana ni kuvizia majina yaliyoanguka, kama kunguru wa Forodhani.

Gharama yenyewe si kubwa ukiitazama kwa macho ya leo. Mpaka Septemba 1995 kusajili .com kulikuwa bure. Ndipo Network Solutions walipoanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili, mpaka ushindani wa mwaka 1999 ulipoteremsha bei. Septemba 2024 daftari la .com lilianza kuwatoza mawakala dola 10 na senti 26 kwa mwaka. Hata mwalimu wa skuli ya Wete anaweza kujibana akazipata. Kilichomshinda mtu wa nyumbani miaka yote ile si dola zenyewe, bali njia ya kuzifikisha: kadi, akaunti ya dola, anuani inayokubalika. Ndiyo maana skuli, madrasa, vilabu vya mpira, vyama na magazeti mengi ya kwetu yalisajiliwa na mjomba wa Toronto, kaka wa London au shemeji wa Muscat. Na bei ya kuja kujitetea ndiyo inayouma. Lipo shauri la usuluhishi chini ya WIPO kwa aliyeporwa jina, lakini ada yake inaanzia dola 1,500, na mlalamikaji lazima kwanza athibitishe kuwa jina hilo ni alama yake ya biashara. Madrasa ya Mkoani itathibitisha vipi?

Sasa nirudi hapa Sur, maana mji huu ulishaupitia mtihani huu zaidi ya miaka mia iliyopita, kabla ya umeme.

Mwishoni mwa karne ya 19 wenye vyombo wengi wa Sur walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa. Hawakuwa Wafaransa, wala Kifaransa hawakukijua. Walichukua hati na bendera kwa Wafaransa kwa sababu manuwari za Kiingereza zilikuwa zikisimamisha na kupekua majahazi baharini kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa, na chombo chenye bendera ya Ufaransa hakikuguswa kwa urahisi. Sultan Faisal bin Turki, aliyekuwa akitawala Muscat, akajikuta raia zake wamo katika bandari yake lakini wako chini ya bendera ya mwengine. Waingereza na Wafaransa wakabishana mpaka Oktoba 1904 walipokubaliana kulipeleka shauri katika Mahkama ya Kudumu ya Usuluhishi huko Hague.

Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905. Ilisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouridhia Mkataba wa Brussels, Ufaransa ilikuwa huru kumpa bendera yake imtakaye. Baada ya siku hiyo isingeweza kuwapa raia wa Sultan, isipokuwa wale waliokuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya mwaka 1863. Na jengine, ambalo kwangu mimi ndilo zito: ruhusa ya bendera haihamishwi. Haiendi kwa mtu mwengine, wala haiendi kwa chombo chengine hata kikiwa cha mtu yule yule. Mwenye hati akifa, ruhusa imekufa naye.

Nilipoisoma hukumu hiyo nilimkumbuka kijana wetu wa Uingereza. Tulifanya vile vile. Tulitia chombo chetu chini ya bendera ya mwengine, kwa jina la mtu mmoja, na mtu alipokufa tukabaki bila ya chombo.

Lakini tusiwalaumu wazee wa Sur kwa haraka, wala tusiwasafishe kupita kiasi. Miongoni mwao walikuwamo waliochukua bendera ile ili wasisumbuliwe katika biashara ya tende, boriti na chumvi. Na walikuwamo walioichukua ili wafiche watumwa ndani ya ngama. Bendera ile ile ilimlinda mwema na ikamlinda mwovu. Hili lazima tuliseme wazi, kwa sababu leo serikali zetu zinatoa hoja hiyo hiyo: anayekimbilia jina la nje ana lake la kuficha.

Tazameni yaliyotokea Tanzania. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 iliweka kosa la kutumia jina lisilosajiliwa chini ya .tz. Wengi hawakuijua. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa Mahkama ya Kisutu. Polisi walikuwa wakitaka wajulishwe watu waliokuwa wakiandika humo bila ya kutaja majina yao, naye alikataa. Miongoni mwa mashtaka yakawemo hayo ya kuendesha jina lisilokuwa la .tz. Kesi ziliburuzwa kwa miaka, na mwaka 2020 alitiwa hatiani kwa kosa la kuzuia uchunguzi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikaongeza mzigo: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 kila mwaka, jumla zaidi ya dola 900 kwa kijana anayetaka kuandika mawazo yake. Na Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90.

Hapo kuna jambo la kuzingatia. Anayeshika daftari la majina haoni yaliyomo ndani ya nyumba. Hajui nani aliandika nini. Lakini ana uwezo wa kung'oa kibao cha nyumba, na barua zote na wageni wote wakapotea njia. Mtu anapolazimishwa kuleta kibao chake kisajiliwe mahala ambapo anayemgombeza ndiye mwenye nyundo, ana haki ya kuuliza kwa nini. Daftari la .tz liliwekwa chini ya tzNIC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na mamlaka ya mawasiliano, yaani TCRA, pamoja na jumuiya ya watoa huduma za intaneti, na mwaka 2010 dunia ikaitambua kuwa ndiyo msimamizi. Kuwa na daftari letu nyumbani ni jambo la heshima. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda zilikaa miaka mingi madaftari yao yakiendeshwa kutoka Uswisi, mpaka walipoyarejesha, Kongo mwaka 2011 na Rwanda mwaka 2012. Hakuna mwenye akili atakayepinga hilo. Ninachokipinga ni kuifanya heshima kuwa pingu. Jina zuri hupendwa kwa bei yake, kwa urahisi wake na kwa uaminifu wa anayelitunza. Likipendeshwa kwa tishio la jela, watu watalikimbia kama walivyoikimbia bendera ya Sultan.

Na nyinyi mnaosema "basi tubaki na .com, Mmarekani hana shida na sisi", ngojeni kwanza. Bendera ya kuazima ina mwenyewe. Mwaka 2007 Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi Hispania, mwenye kuuza safari za kitalii za Cuba kwa watu wa Ulaya, aliamka akakuta tovuti zake kama 80 zimezimwa. Hakuvunja sheria ya Uingereza wala ya Hispania. Wakala wake alikuwa Marekani, na wizara ya fedha ya Marekani ilikuwa imemtia katika orodha yake. Juni 2021 Marekani ilikamata kwa siku moja majina zaidi ya 30 yaliyohusishwa na Iran, likiwemo la Press TV la .com. Press TV walihamia .ir, kwa sababu daftari hilo ni lao. Mtu anaweza kumpenda au kumchukia Iran, hilo si suala. Suala ni kwamba aliyepanga kwa watu anatoka siku ambayo mwenye nyumba anataka.

Sasa tufike kwenye kidonda chetu Wazanzibari. Sisi hata bendera ya kuchagua hatuna. Mikia ya nchi hufuata orodha ya kimataifa ya ISO 3166, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974. Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 1963, na Aprili 1964 ikaungana na Tanganyika, miaka kumi kabla ya orodha hiyo. Tulipochelewa kuhesabiwa, tukahesabiwa ndani ya mwengine. Ukiitafuta Zanzibar katika orodha ya mikoa utaikuta imekatwa vipande vitano: TZ-06, TZ-07, TZ-10, TZ-11 na TZ-15, mikoa miwili ya Pemba na mitatu ya Unguja. Jina zima la nchi halimo. Iliyobaki ni EAZ, zile herufi za gari za zamani, zilizowekwa akiba na hazina kazi.

Mtaniambia: Zanzibar si dola kamili, itapewaje mkia wake? Nami nitawauliza: visiwa vya Åland ni dola? Viko chini ya Finland, na tangu mwaka 2006 vina .ax yao. Mayotte, jirani yetu hapo Ngazija, ni ya Ufaransa na ina .yt. Réunion ina .re. Jersey na Guernsey wana zao. Hao si wanachama wa Umoja wa Mataifa, wala hawajawahi kuwa. Sisi tulikaa kwenye kiti kile, ijapokuwa kwa miezi michache. Na tusisahau somo la CAF: Machi 2017 tulipewa uanachama kamili, tukapiga vigelegele, na Julai mwaka huo huo tukanyang'anywa kwa hoja kwamba hatukustahiki kupewa.

Basi tuyaache ya mkia wa dola. Iko njia ya mkia wa mahala, kama .joburg, .capetown na .durban zilizofunguliwa mwaka 2014. Lakini bei yake si ya mchango wa riali mbili mbili. Katika duru ya mwaka 2012 ada ya maombi peke yake ilikuwa dola 185,000, na kwa duru iliyofuata ilipangwa dola 227,000, bila ya kuhesabu ada za kila mwaka na mafundi. Na jina la mahala huja na barua ya kuungwa mkono na serikali husika. Serikali ipi? Posta na simu zilikuwamo katika yale mambo 11 ya Muungano tangu Mkataba wa 1964. Kwa hiyo barua ya Vuga itasomwa baada ya kuulizwa Dodoma.

Iko njia ya tatu, na hii haihitaji dola 227,000 wala kwenda ICANN. Chini ya .tz yamefunguliwa matawi: co.tz ya biashara, go.tz ya serikali, ac.tz ya vyuo, or.tz ya jumuiya. Limo pia hotel.tz. Naam, mumesoma sawa sawa: hoteli zina tawi lao, Zanzibar haina. Serikali ya Mapinduzi inaishi ndani ya go.tz pamoja na wizara za bara. Kufungua tawi la Zanzibar chini ya .tz ni kazi ya fundi na saini ya mkubwa. Halihitaji kubadilishwa katiba. Kama Muungano ni wa kheri kama tunavyoambiwa kila Aprili, hapa ndipo mahala rahisi pa kuuonesha.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja, kwa pande tatu.

Kwa wakubwa wa Tanzania: liondoeni kosa la kutumia jina lisilokuwa la .tz. Mtu asipelekwe mahkamani kwa mkia wa jina lake. Kama ametukana au ameiba, mshitakini kwa kutukana au kuiba. Na asizimiwe jina ila kwa amri ya mahkama, baada ya kusikilizwa.

Kwa wakubwa wa Zanzibar: dai tawi lenu chini ya .tz, kwa maandishi, Barazani na kwenye vikao vya kero za Muungano. Kwenye vikao hivyo tumeshasikia mafuta, mikopo na kodi. Jina nalo ni mali.

Na kwa sisi wa nje, ambao hapa sina budi kusema ukweli ijapokuwa unauma: katika kisa hichi sisi ndio Wafaransa. Sisi ndio tunaotoa bendera. Wapo miongoni mwetu walioshika majina ya skuli, vyama na magazeti ya nyumbani, na mara wanapogombana na wenzao kwa ajili ya siasa wanakaa na ufunguo mfukoni. Wengine hawana ubaya wowote, wamesahau tu. Fungueni barua pepe zenu leo mtazame mmesajili nini kwa ajili ya nani. Kama jumuiya ina usajili, hati iandikwe jina la jumuiya. Kama haina, waandikiane wadhamini wawili watatu, karatasi ipigwe saini, na neno la siri lijulikane na zaidi ya mtu mmoja. Barua pepe ya kusajilia isiwe ya chuo wala ya kazini. Lipieni miaka mingi kwa pamoja mkiweza. Wenye uwezo wakamate jina la .tz na la .com yote mawili, wasitie mayai katika kapu moja. Na vilivyomo ndani, picha na sauti, viwekwe nakala kwengine, maana jina linaweza kurejea, sauti ya mzee aliyekufa hairejei.

Hapa Sur liko jahazi la zamani, Fath Al Khair, lililojengwa mwaka 1951. Liliuzwa likaenda Yemen, na mwaka 1993 watu wa mji wakachangishana fedha wakalirejesha. Leo limesimama karibu na bahari na watoto wanapigwa picha nalo. Hakuna familia moja inayosema ni langu. Nikipita pale huwa najiambia hicho ndicho kikoa: kila mmoja katia fungu lake, na hakuna anayeweza kuondoka nalo.

Wabillahi tawfiq.